Kumvua Samaki Anayekuona

Sogeza kiti hapa, ndugu yangu uliyeripoti kazini juzi, na usione haya kuuliza. Wenzangu wa idara ya samaki wameniomba niwaachie maneno mawili matatu kabla sijarudi Korogwe kulima mahindi yangu. Habari za vyeo nilivyopata, na vile vilivyonipita, nitaziacha, kwa sababu hazitakusaidia ukiwa umesimama kwenye ukingo wa maji na kijiji kizima kinakutazama. Ninachotaka kukufundisha ni kumvua samaki anayeishi kwenye maji maangavu, ambaye amekuona kabla hujamwona na ameshajua wewe ni mtu wa namna gani.

Utadhani ni jambo dogo. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo.

Kazi niliianzia kwenye vijito vya baridi vya Kilimanjaro, miaka ya sitini, ambako wakoloni walikuwa wamepandikiza trauti. Trauti ni samaki wa maji baridi, mwenye madoadoa, na mwoga kupita kiasi. Kivuli cha ndege kikipita juu yake, hakuna atakayemwona tena siku hiyo. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Eliamani, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa akimwita kila samaki "bwana mkubwa". Siku yangu ya kwanza sikupewa mshipi wala ndoana. Alinilaza kifudifudi kwenye majani yenye umande, akalala pembeni yangu.

"Unamwona bwana mkubwa?" akaninong'oneza.

"Simwoni, mzee."

"Basi tutaendelea kulala."

Tukalala mpaka shati langu likaloa lote, na hatimaye nikamwona. Alikuwa mbele yangu muda wote, kama kivuli cha jiwe, ila jiwe lenye mdomo. Kila mara mdomo ule ulifunguka, ndani yake ukaonekana weupe, kisha ukafunga. "Anakula," Mzee Eliamani akasema. "Na anachokula hakiko juu ya maji. Kiko chini."

Alichokuwa anakula ni tunutu. Kwa ajili yako wewe uliyekulia mjini: kerengende kabla hajaota mabawa huishi chini ya maji, akitambaa kwenye mawe kama mdudu asiye na mbele wala nyuma. Wadudu wengi wa majini ndivyo walivyo utotoni. Huyo ndiye tunutu, na kwa samaki wa maji maangavu ndiye ugali wa kila siku. Ukimletea mnyoo mnene anayening'inia, samaki mwoga hujiuliza mnyoo huyo amefikaje hapo. Ukimletea tunutu, hana la kujiuliza.

Tunutu wa kuvulia tulikuwa tunamtengeneza wenyewe. Kwanza unainua jiwe ndani ya maji na kutazama chini yake, ili ujue wadudu wa pale wana rangi gani na ukubwa gani. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Kisha unachukua ndoana ndogo, unaizungushia waya mwembamba wa shaba ili izame, unaifunika kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki, na mwisho unafunga nyuzi chache za unyoya wa kanga ziwe miguu. Mara ya kwanza utafanana na mtu anayeshona kifungo kwa vidole vya miguu. Vumilia. Wangu wa kwanza Mzee Eliamani alimtazama sana, akasema, "Huyu tumzike."

Nilipokwisha kuwa fundi wa trauti, mtu fulani ofisini aliangalia ramani, akaona Shinyanga haina mtaalamu wa trauti, akanihamishia huko.

Niliripoti katikati ya kiangazi. Mito niliyoiona dirishani kwenye treni ilikuwa ya mchanga mtupu, na ng'ombe walikuwa wakitembea katikati yake kama barabarani. Ofisi yangu ilikuwa kona ya ofisi ya mifugo. Mwenyeji wangu, Bwana Mifugo, aliitwa Ndugu Masanja, Msukuma wa Samuye, mtu mrefu anayecheka kwa mabega.

"Karibu, Bwana Samaki," akaniambia. "Samaki wako yuko Mwanza."

"Na hapa nitafanya nini?"

"Hapa tuna josho la ng'ombe. Lina maji. Ukitaka kulikagua, nitakusindikiza."

Nikakagua josho. Nikashika pembe za ng'ombe wakati wa chanjo. Ili mkono usisahau kazi yake, jioni nilikuwa nasimama uani na fimbo yangu ya kuvulia, narusha tunutu kwenye karai la kufulia. Siku moja jogoo wa Masanja akamwahi kabla hajafika kwenye karai. Ndoana nilikuwa nimeikata ncha, kwa hiyo jogoo hakuumia, lakini alikataa katakata kuachia, na nilizungushwa uani na jogoo mbele ya majirani. Masanja alitoka, akatazama, akaniuliza kama idara yetu ina kibali cha kuvua kuku.

Nyingine nikupe haraka. Niliwahi kuitwa Mwadui nikatazame magugu ya bwawa. Unajua pale ni mji wa mgodi wa almasi, na mtu akitoka hupekuliwa. Mlinzi alikuta kwenye mfuko wangu manyoya ya kanga, nta, waya na wadudu bandia ndani ya kibati cha tumbaku. Akawapanga mezani mmoja mmoja, akaita mwenzake, na wote wawili wakawatazama kwa huzuni. "Mzee," akasema mwisho, "unaumwa?" Kwa hiyo ushauri wangu mwingine ni huo: vifaa vyako vya kazi uwe na namna fupi ya kuvieleza.

Sasa tufike Shimoni, maana ndiyo sababu nimekukalisha hapa.

Upande wa Geita kulikuwa na kijiji kilichojengwa kando ya shimo la zamani la dhahabu, na watu waliliita Shimoni. Waliochimba walikwishaondoka, mvua ikalijaza shimo, na kwa kuwa kuta na sakafu yake vilikuwa mwamba mtupu, maji yake yalikuwa maangavu kama kioo cha taa. Wanakijiji walikubaliana tangu mwanzo kwamba ng'ombe wasikanyage pale. Wakati wa kiangazi hayo ndiyo yalikuwa maji safi pekee kwa mwendo mrefu. Mtu mmoja wa idara, kabla yangu, alikuwa ametia perege wachache. Nilipofika mimi, wachache wale walikuwa wengi na wanene, na ungeweza kuwaona wote, mpaka mapezi.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuna mtu aliyewahi kumvua hata mmoja. Chini kulikuwa na magogo na vyuma vya zamani, kila wavu ulioingia ulibaki huko. Na ndoana perege walikwishaizoea. Waliizunguka kwa adabu, wakaenda zao.

Geita wakati ule ilikuwa katika mkoa mwingine, kwa hiyo niliazimwa, kama baiskeli. Shauri lilikuwa hivi. Bwana mmoja mchimbaji aitwaye Pius, aliyetoka Bukoba na kuongoza kikundi cha wachimbaji wadogo, alikuwa anaomba ruhusa ya kulikausha Shimoni kwa pampu ili wachimbe sakafu. Mama Kulwa, mama wa mapacha na kiongozi wa kina mama wenye bustani pale, alikuwa anapinga, kwa sababu maji yale yakienda wangebaki na matope ya lambo la ng'ombe, na yeye alikwishazika mtoto mmoja kwa maji ya lambo. Alinieleza hivyo mara moja tu, akiwa anamwagilia mchicha, na hakurudia.

Kamati ya wilaya ilikuwa imekaa, ikatoa uamuzi ambao naomba uusikilize vizuri. Shimo lenye samaki ni bwawa, na bwawa halikaushwi. Shimo lisilo na samaki ni shimo. Kwa hiyo samaki athibitishwe.

"Lakini samaki si hao wanaonekana?" nilimwambia mwenyekiti wa kamati, bwana mnene, mstaarabu, mzaliwa wa wilaya hiyo hiyo. Tulikuwa tumesimama ukingoni, na perege walikuwa wanaondoka taratibu kutuelekezea mikia.

"Hao wanaonekana," akakubali. "Ila kamati haiwezi kuamua juu ya vitu vinavyoonekana. Inataka samaki aliyevuliwa. Tutarudi wiki ijayo, wajumbe wote, tushuhudie kwa macho yetu. Tukikosa, Ndugu Pius alete pampu yake."

Pius alinipa mkono. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. "Bwana Samaki," akasema, "nakutakia heri, ila isizidi sana."

Kesho yake asubuhi nikaanza kama nilivyofundishwa. Jua mbele yangu, ili kivuli kianguke nyuma. Shati la rangi ya vumbi. Uzi wa nailoni mwembamba kabisa, mrefu. Nikalala kifudifudi kwenye mwamba, nikasogea kwa viwiko hadi ukingoni.

Perege wakatoweka wote kwa mara moja.

Nikajiambia nitalala mpaka warudi. Wakati nimelala, kina mama waliokuja na ndoo waliona mtu mzima wa serikali kaanguka. Wakapiga yowe. Wanaume wakaja na kitanda cha kamba. Mmoja akasema nipelekwe Kolandoto, kwenye hospitali ya wamisionari, maana alikuwa na shemeji aliyepona huko. Mwingine akasema Kolandoto ni mbali, nitafia njiani, afadhali nimwagiwe maji. Wakanimwagia. Niliwaeleza kwamba navua samaki. Wakatazamana, na yule mwenye shemeji akasema kwa upole, "Basi Kolandoto."

Nilipoachiwa, nikakaa mbali nikatazama, kwa kuwa Mzee Eliamani alikuwa ananiambia kwamba ukishindwa kumvua samaki, mwangalie anavyoishi. Nikaona jambo. Kenge mkubwa alishuka kwenye mwamba kwa tumbo, kama nilivyoshuka mimi, na perege wakatoweka. Korongo akatua na kusimama kwa miguu yake mirefu, kama alivyosimama mwenyekiti, na perege wakatoweka. Halafu Mama Kulwa akaja na sufuria lake la asubuhi. Akapiga magoti ukingoni, akaanza kusugua ukoko wa ugali, na perege wakaja mpaka kwenye magoti yake kama kuku.

Umeelewa? Kwenye maji yale, anayelala ni kenge na anayesimama ni korongo. Anayepiga magoti analeta ukoko. Mzee Eliamani aliponilaza hakuwa ananifundisha kulala. Alikuwa ananifundisha nisifanane na kitu kinachokula samaki, na sisi kule Kilimanjaro hatukuwa na kenge.

Nikapiga magoti. Wakaja nusu ya njia, wakasimama, wakanitazama.

Hapo ndipo mzee mmoja akapita na ng'ombe wake. Njia ya kijiji ilipita nje kidogo ya ukingo, na perege walikwishawazoea wapita njia. Sasa wewe unajua, au utajua ukipangiwa huko, kwamba kwa Wasukuma kupiga goti ni salamu, na salamu kubwa. Mzee alimwona mtu wa serikali amepiga magoti mbele yake. Akasimama, akaegemea fimbo, uso ukamnawiri.

"Mwangaluka, baba," akasema, ndiyo salamu yao ya asubuhi.

Ningefanya nini? Nikajibu. Akaniuliza nyumbani kwetu. Nikamwambia Korogwe. Akaniuliza kama Korogwe mvua zilinyesha, na ng'ombe wangu wangapi, na kwa nini sina, na nikajibu yote kwa sauti, nikiwa kwenye magoti, fimbo mkononi, nikijua samaki wamekwenda. Nikageuka kutazama maji. Walikuwa chini ya kidevu changu.

Nilifikiri sana jambo hilo baadaye, na nadhani ni hivi. Kina mama hawapigi magoti kimya. Wanasalimiana, wanaulizana habari, na wakati wanazungumza sufuria linatulia na ukoko unadondoka. Mtu aliyepiga magoti bila kusema neno ni kitu kigeni, na samaki wa maji maangavu hapendi kitu kigeni. Kwa hiyo mahali pengine utaambiwa uvue kimya. Shimoni ilibidi usalimie.

Siku ile nilipata mmoja mdogo, nikamwachia, nikashukuru Mungu. Ila habari zilienea kwamba kuna bwana wa serikali anayewapigia watu magoti. Kesho yake njia ilikuwa na watu wengi kupita kawaida. Wazee walikuja wamevaa makoti. Wengine walipita, wakasalimiwa, wakazunguka nyuma ya bustani, wakapita tena. Bibi mmoja mwenye kanga mpya alikuja kila asubuhi, akasimama palepale, akasema amezaa watoto wengi na hakuna aliyempigia magoti vizuri kama mimi. Magoti yangu yalivimba. Masanja aliponitembelea akanikuta kati ya salamu mbili, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanikatia vipande vya ngozi ya ng'ombe nivifunge magotini. Kifaa hicho hutakiona kwenye orodha ya idara, lakini ni kizuri.

Siku ya kamati ikafika. Wajumbe walikuja na viatu vilivyong'aa, wakajipanga ukingoni wote, wima. Perege wakashuka chini kabisa kwenye magogo.

"Tuko tayari," mwenyekiti akasema.

"Ndugu Mwenyekiti, nawaomba mpige magoti."

Pius akatazama pembeni akikaza midomo.

"Mbele ya nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mbele ya samaki, ndugu. Wakiona watu wamesimama hawaji."

"Kamati ya wilaya," akasema polepole, "haiwezi kumpigia magoti perege. Kisheria sidhani."

"Basi mrudi nyuma, mpaka kwenye bustani."

"Tukiwa kwenye bustani tutashuhudia mchicha. Ndugu, ama unavua, ama tunafunga shauri."

Nilimtazama Mama Kulwa. Alikuwa amesimama na ndoo yake mwisho wa safu, na uso wake haukuwa na hasira wala chochote. Niliona tu mkono wake unaufuta mshikio wa ndoo, unaufuta, kama unaotaka kuung'arisha. Nikapiga magoti peke yangu, nikarusha, tunutu akazama mpaka chini, na hakuna kilichosogea. Nikarusha tena. Mwenyekiti akatazama saa yake.

Ndipo yule bibi wa kanga mpya akatokea njiani, amechelewa kidogo, anakuja kuchukua salamu yake ya asubuhi.

Mwenyekiti akageuka. Nilimwona akibadilika uso, halafu nikamwona akishuka, suruali iliyopigwa pasi na yote, mpaka magoti yote mawili yakagusa mwamba.

"Shikamoo, mama," akasema.

Alikuwa mama mkwe wake. Mwanamume wa kule hamwamkii mama mkwe akiwa amesimama, hata awe mwenyekiti wa nini. Wajumbe wakatazamana. Huwezi kubaki umesimama juu ya kichwa cha mkubwa wako. Mmoja akashuka, mwingine akafuata, karani akashuka, na Pius, aliyebaki peke yake kama mlingoti, akavua kofia naye akashuka.

"Marahaba, baba," bibi akasema, akaweka chungu chake chini bila haraka. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Kabula hajambo?"

"Hajambo, mama."

Perege wa kwanza akatoka kwenye magogo. Nikamrushia tunutu, si kichwani kwake, bali mbele, mahali atakapofika. Hili ulishike: usimpige samaki na chakula chake. Mwache akikute.

"Na Shija? Bado anakojoa kitandani?"

"Ameacha, mama," mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, na wajumbe wakatazama maji kwa makini makubwa.

Tunutu alikuwa anazama. Perege akamsogelea, akasimama. Hapo wengi huharibu kwa kungoja. Mdudu wa kweli akitaka kuota mabawa hupanda juu, na samaki analijua hilo. Kwa hiyo samaki akikaribia, inua ncha ya fimbo kidogo, kiasi cha unene wa kidole, kana kwamba chakula kinataka kumtoroka.

"Na yule mdogo, mwenye kikohozi?"

Nikainua. Usitazame uzi, tazama mdomo. Weupe ukaonekana, mdomo ukafunga.

"Kimepona, mama," mwenyekiti akasema, nami nikainua mkono, taratibu, bila kushtua, kama unavyomwinua mtoto aliyelala. Fimbo ikapinda. Perege akaenda kwenye magogo, nikamzuia, akarudi, akazunguka, na mwisho akalala ubavu juu ya mwamba mbele ya kamati nzima, mpana kama sahani ya wageni.

Hakuna aliyesimama, kwa kuwa bibi alikuwa hajamaliza. Alitaka kujua pia habari za shamba. Kwa hiyo uamuzi wa serikali juu ya Shimoni ulitolewa watu wakiwa wamepiga magoti. Mwenyekiti aligeuza kichwa kidogo, akaelekeza kidole kwa samaki, akasema, "Hili ni bwawa," kisha akamgeukia mama mkwe wake na kuendelea na habari za mihogo.

Mama Kulwa aliteka ndoo yake, akajitwisha. Alipopita karibu yangu nikamwuliza kwa sauti ndogo kama ndiye aliyemwita yule bibi.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilimwambia tu leo utapiga magoti vizuri zaidi." Na akaenda, maji yakimdondokea begani, hakuyafuta.

Samaki alipewa mama mkwe, jambo ambalo hakuna mjumbe aliyelijadili. Pius alihamishia kikundi chake kilima cha pili, na Jumapili alikuwa anakuja nimfundishe kufunga tunutu. Alikuwa na vidole vizito kuliko vyangu vya zamani. Wake wa kwanza tulimzika.

Nilirudi Shinyanga kwenye kona yangu, na baadaye nikafanya kazi ziwani, kwenye nyavu na maboti, miaka mingi kuliko yote niliyokusimulia. Huko samaki hawakuoni, na kusema kweli nilipakumbuka Shimoni. Mara ya mwisho nilipopita, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mapacha wa Mama Kulwa walikuwa wasichana wakubwa, wanateka maji, na vijana wa kijiji walikuwa wanavua wakiwa wamepiga magoti, wakisalimiana kwa sauti hata kama walikuwa wameonana dakika chache zilizopita.

Vile vipande vya ngozi viko kwenye droo ya chini ya meza yako, ndani ya kibati cha tumbaku pamoja na tunutu wachache. Chukua. Ukifika kwenye maji maangavu, usifungue mshipi kwanza. Kaa mbali uone samaki anamkimbia nani na anamfuata nani. Kisha vifunge magotini, shuka chini, msalimie kila anayepita, na ukisikia wanaanza kuulizana habari za watoto, rusha.